Somo la Nne la Usalama wa Taarifa

4 Novemba, Kasulu

Mwongozo niliopewa unasema mbunifu wa mafunzo awe na daftari, aandike kila siku wanafunzi wake wamefanya nini, si walichosema wamefanya. Haya, nimenunua daftari. Lina picha ya twiga kwenye jalada. Dukani hakukuwa na jingine.

Kazi yenyewe ni hii. Shirika letu lina wafanyakazi sabini na wanne: hapa Kasulu, kambini Nyarugusu, na ofisi ndogo ya Kibondo. Tunahudumia wanawake waliokimbia kupigwa majumbani, wa kambini na wa vijijini, na Kibondo tuna nyumba ambamo baadhi yao wanafichwa. Wafadhili wanataka ifikapo tarehe 31 Januari asilimia tisini ya wafanyakazi wawe wamemaliza mafunzo ya usalama wa taarifa kwa njia ya mtandao. Walitutumia ya kwao, yamejaa watu wenye suti wanaosahau kompyuta kwenye treni. Mkuu wetu, Bwana Mansuri, aliyatazama dakika tatu akayafunga.

"Irakoze, tengeneza ya kwetu," alisema. "Yawe matamu. Watu wasisinzie."

Mimi ni fundi wa kompyuta. Sijawahi kufundisha hata shule ya Jumapili.

6 Novemba

Mvua. Umeme umekatika saa nne asubuhi, umerudi saa kumi.

11 Novemba

Kabla ya kutibu lazima upime. Nimewatumia wote barua pepe ya mtego: "Majina ya watakaopata likizo ya Krismasi, bonyeza hapa." Hadi saa sita mchana, hamsini na wanane walikuwa wamebonyeza. Mkuu alibonyeza mara mbili kwa sababu mara ya kwanza mtandao ulikuwa mzito.

Kezia wa masjala hakubonyeza. Nilitaka kumsifu, kisha nikagundua hajawahi kufungua barua pepe yake tangu apewe, miaka mitano iliyopita. Kezia anakaribia miaka sitini. Anatunza mafaili yote ya wanawake tunaowahudumia, ya karatasi, kwenye kabati la chuma, na ufunguo ameuning'iniza shingoni kwa uzi, ndani ya gauni. Watu wake walivuka kutoka Burundi miaka ile ile aliyovuka babu yangu, kwa hiyo ananiita mwana wanje, yaani mwanangu kwa Kirundi, kana kwamba ndiye aliyenizaa. Nimemwandika kwenye safu ya hatari kubwa.

12 Novemba

Kila Jumanne kabla ya kazi kuna maombi pale masjala, Kezia akiongoza. Nimehudhuria leo kwa ajili ya utafiti. Ana kopo la maziwa ya unga lililo tupu. Mwenye haja anatia punje moja ya haragwe, anasema "ninayo haja," basi. Hasemi ya nani wala ya nini. Haja ikijibiwa, Kezia anatoa punje moja kwenye kopo na kwenda kuipanda shambani kwake Kabanga. Leo kopo lilikuwa na punje kama thelathini.

Wafanyakazi vijana wanaona utaratibu huu umepitwa na wakati. Wao wana kundi la WhatsApp, Wanamaombi Kazini, ambako haja zinaandikwa kwa kirefu. Nami niliona hivyo hivyo. Unaombaje jambo usilolijua?

19 Novemba

Semina ndogo ya nywila. Niliwauliza tu, kwa sauti ya kawaida, kila mtu anatumia nywila gani, wakaniambia. Kumi na tisa wanatumia Zaburi23. Wanne, Zaburi91. Mmoja alisema yake ni siri, wenzake wakamcheka, akaitaja.

25 Novemba

Nimeweka mtandaoni masomo matatu ya kwanza: nywila, barua pepe za mtego, simu zilizopotea. Sauti ni ya Sylvestre, mkalimani wetu wa Nyarugusu, mtu wa Kongo, ambaye angesoma hata orodha ya mabati ukamsikiliza hadi mwisho.

2 Desemba

Asilimia ishirini na tatu tu. Na hiyo nayo ina kasoro: watu kumi na mmoja wa Kibondo wamemaliza masomo yote ndani ya dakika nne, kwa alama zinazolingana, na wote wamekosa swali la saba. Nilimpigia Nduwayezu, anayesimamia ofisi ile.

"Dada, tulikaa wote kwenye kompyuta moja, mimi nikawa nabonyeza," alisema. "Si ulisema tushirikiane?"

"Nilisema kila mtu na kompyuta yake."

"Sasa dada, hapa inayowaka ni moja."

Nitakwenda kuwawekea nyingine.

9 Desemba, Kibondo

Sikukuu, ofisi imefungwa, kwa hiyo nimefanya kazi bila kusumbuliwa. Nimeweka kompyuta nne, Nduwayezu akinishikia nyaya. Sketi yangu ilichanika kwenye mlango wa gari. Akasema kule nyumbani kwa akina mama kuna fundi, akanipeleka.

Fundi anaitwa Therese, ametoka Uvira, ana miaka thelathini na ushee. Anawafundisha wenzake kushona. Anatumia mkono wa kushoto, na cherehani ameigeuza, kwa hiyo badala ya kuwapa wanafunzi mgongo anakaa akiwatazama usoni. Nilijifunga khanga nikangoja. Hakuna aliyemuuliza kitu, alianza mwenyewe.

"Bwana yangu ni mwalimu wa kwaya, kule Nyarugusu. Batu bote banamupenda. Nyumbani alikuwa ananipiga. Siku moja alishika huu mukono akasema, huu ndio unakupatiaka kiburi." Alinyanyua kifundo nikaona kovu. "Ile siku nilitoka na makasi yangu tu. Sikubeba hata kitambaa. Makasi tu, ndani ya nguo."

Mkasi wenyewe ulikuwa pale mezani, mkubwa, mweusi, umefungwa uzi mwekundu kwenye mpini mmoja. Niliushika. Ni mzito.

"Hajue niko wapi," alisema. "Usiambie mutu, dada. Hata mutu moja."

Nikamwambia kazi yangu ndiyo hiyo, kuhakikisha watu hawasemi. Akacheka kidogo, akanirudishia sketi. Mshono hauonekani kabisa.

10 Desemba

Kibondo hadi Kasulu, saa nne njiani. Tope.

16 Desemba

Asilimia thelathini na moja. Mkuu ameniuliza kama nimeweka utamu. Nimemwambia nimeweka vikatuni.

20 Desemba

Nimesoma upya mwongozo. Unasema watu wazima hawajifunzi kwa kanuni, wanajifunza kwa kisa cha mtu wanayeweza kumwona. Nimepiga mstari chini ya maneno hayo.

27 Desemba, nyumbani, Buhigwe

Maharage yanatoa maua. Mama anauliza naandika nini, nimesema ya kazini.

3 Januari, Kasulu

Nimeandika Somo la Nne kwa siku moja, sijawahi kuandika kitu kwa wepesi hivi. Ni kisa cha mama aliyekimbia kipigo. Nimemwita Mama Neema. Nimeondoa jina la kambi, la mji na la mume. Nimeacha kwamba ni mtu wa Kongo, kwamba anashona kwa mkono wa kushoto, kwamba mume ni mwalimu wa kwaya, na kwamba alitoroka na mkasi wake tu, wenye uzi mwekundu. Nimesema sasa anafundisha wenzake "katika mji mdogo kaskazini mwa mkoa." Bila hayo kisa kinakufa.

Mwisho kuna swali: Ni taarifa gani ingeweza kumfichua mama huyu kwa mumewe? (a) Umri wake. (b) Kazi yake. (c) Jina lake. Jibu sahihi ni c.

Nimelisoma mara mbili na nimeridhika.

6 Januari

Sylvestre amerekodi. Alisimama mara moja kupangusa macho. Nilidhani ni kikohozi.

8 Januari

Asilimia themanini na nane. Kwa siku mbili. Watu wananisimamisha kwenye korido kuuliza kama Mama Neema alipona. Mpishi wa ofisi, ambaye hata si lazima afanye mafunzo, ameomba aoneshwe. Mkuu alipita mezani kwangu akagonga meza kwa kidole, na kwake hiyo ni sherehe. Kusema kweli nimefurahi mno, nimetembea kurudi nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli.

13 Januari

Asilimia tisini na tatu. Waliobaki ni wagonjwa, walio likizo, na Kezia, ambaye ana sifuri. Nilimfuata masjala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwana wanje."

"Mama, haya mafunzo ni ya lazima. Ni saa moja tu, nitakaa na wewe nikusomee."

"Hilo la nne nimelisikia. Wanalisimulia jikoni." Alikuwa anapanga mafaili, akaacha. "Kisa hicho nani kakupa?"

"Nimetunga, mama. Ni mfano tu."

Alifunga kabati, akarudisha ufunguo ndani ya gauni. Alisema hatafanya. Nimeandika: anakataa mafunzo bila sababu.

17 Januari

Nduwayezu amepiga simu saa nane mchana. Naandika kama alivyoeleza, kwa mpangilio.

Juzi mwanamume mmoja alifika sokoni Kibondo akiuliza fundi wa Kikongo anayekata nguo kwa mkono wa kushoto. Alikuwa mpole, ana Biblia. Watu wa soko ni wakarimu, wakamwonesha nyumba. Jana alisimama mchana kutwa chini ya kibaraza cha duka kinachotazamana na geti letu. Mlinzi alimchukulia ni mwinjilisti anayengoja mvua ikatike. Leo asubuhi, saa tatu, akaanza kuimba.

Therese alikuwa darasani. Wanafunzi wake wanasema alinyamaza katikati ya neno. Hakupiga kelele. Alichukua mkasi, akatoka mlango wa nyuma, akapanda ukuta kwenye mvua, akaangukia upande wa pili juu ya mawe. Kifundo cha mkono wa kushoto kimevunjika. Majirani walimficha kwenye banda la mbuzi hadi Nduwayezu alipofika na gari.

Mlinzi alimuuliza yule mtu shida yake. Akajibu, "Nimekuja kumuombea mama wa makasi." Waliitwa watu, akaondolewa. Hakuwa amegusa hata komeo.

"Dada," Nduwayezu aliniuliza, "huyu habari ya makasi kaitoa wapi?"

Nilisema nitachunguza. Nilikata simu nikaanza kukagua mfumo.

18 Januari

Hakuna aliyeingia kwenye mfumo wetu kutoka nje. Nimekagua kila kitu tangu Novemba.

20 Januari

Nimeandika ripoti kwa mkuu. Habari ya mkasi, ya mkono na ya kwaya imeandikwa sehemu moja tu, kwenye maelezo ya kwanza ya mama huyo, na maelezo hayo yako ndani ya faili lake, na faili liko masjala. Mwenye ufunguo ni mtu mmoja. Mtu huyo ndiye pekee aliyekataa mafunzo, na kila Jumanne anakusanya watu kueleza haja za wengine. Nikamalizia: chanzo kinachowezekana zaidi ni masjala.

Mkuu aliisoma taratibu. "Una hakika? Kezia amekuwa hapa kabla yangu."

"Kwa sehemu kubwa, mkuu."

"Mimi nitasaini kwa maneno yako, Irakoze. Kumbuka hilo."

21 Januari

Kezia amesimamishwa hadi uchunguzi uishe. Ni Jumanne, watu walikuwa wamekuja kwa maombi, wakasimama mlangoni wasijue waingie au wasiingie. Alivua uzi shingoni mbele yao. Umekuwa mweusi kwa jasho la miaka.

"Nimekosa nini?" aliniuliza mimi, si mkuu.

"Ni uchunguzi tu, mama."

"Huyo mama, mkono wake umefungwa vizuri?"

Nikasema ndiyo, ingawa sikuwa nimeuliza. Alichukua kopo lake la maharage, akaondoka kwa pikipiki, amelikumbatia.

22 Januari

Therese amehamishwa. Sitaandika wapi. Cherehani imebaki Kibondo, imegeuzwa vile vile, na Nduwayezu anauliza airudishe kama zilivyo nyingine au aiache.

23 Januari

Sylvestre amekuja mezani kwangu wakati wa chakula. Hakukaa. Aliniwekea simu mbele yangu, imefunguliwa kwenye kundi la Wanamaombi Kazini, ujumbe wa tarehe 8 Januari. Ni picha ya skrini ya Somo la Nne, ukurasa wa mkasi. Chini yake ameandika: "Wapendwa, tumuombee maman huyu, sasa yuko Kibondo, Bwana aendelee kumulinda."

"Somo haliitaji Kibondo," nilisema.

"Mi nilijua. Nilikuwa nimemutafsiria siku alifika. Vile nilisoma ile habari ya makasi, nilimujua palepale."

"Kundi lina watu wangapi?"

"Mia moja na makumi ine." Aliigusa skrini. "Batu ba kazi bameingiza ma-choriste, bale ba kwaya. Ma-choriste bameingiza bengine. Na ule bwana iko ndani, dada. Tangu mwaka jana. Alijibu Amen. Angalia."

Niliangalia. Aliandika Amina saa mbili na dakika kumi, asubuhi ile ile niliyokuwa nahesabu asilimia themanini na nane.

"Kwa nini umeandika, Sylvestre? Wewe umemaliza masomo yote. Umepata alama zote."

"Minajua. Swali ya mwisho ilisema ile ya hatari ni jina. Jina sikuliandika." Aliichukua simu yake. "Nitasema kwa mkuu mimi mwenyewe. Lakini ule bwana hakuhitaji neno yangu ya Kibondo, dada. Mutu wa makasi, wa mukono wa kushoto, ameishi naye miaka kumi. Angeuliza kila soko. Na ile habari ni we uliandika."

Alipoondoka nililifungua somo nikalisoma kama mtu aliyeishi na yule mwanamke nyumba moja. Ilinichukua sekunde chache. Sikuwa nimeficha kitu chochote. Nilikuwa nimemuondolea jina na kuwaachia watu mwanamke mzima. Na jina hakuna mtu aliyelihitaji.

Niliahidi kwa mdomo wangu, nimevaa khanga, sketi yangu iko mikononi mwake. Nina aibu ambayo sijawahi kuwa nayo. Halafu nikamrudisha Kezia, mama wa watu, nyumbani kwa kosa langu, na nikaandika kwa mwandiko mzuri.

25 Januari, Kabanga

Nimekwenda kwa Kezia. Wanavuna. Alikuwa barazani na ungo mapajani, anachambua maharage, mawe huku na yaliyooza kule. Nilimsalimu kwa Kirundi, amahoro, akaitikia, akanisogezea ungo wa pili. Nilichambua kidogo kisha nikamweleza yote bila kumtazama.

Hakushtuka.

"Ulijua," nilisema. "Siku ile masjala. Ulijua kisa ni cha nani."

"Faili lake nililifungua mimi."

"Mbona hukusema, mama?"

"Nilikuuliza nani kakupa. Ukasema umetunga." Alipuliza ungo. "Ningekuambia ni fulani, na mlango uko wazi, na jikoni wanasikiliza, si ningekuwa nimewathibitishia? Nikanyamaza nikadhani na wewe utanyamaza."

Tuliendelea. Baadaye alisema, kama anayeeleza bei ya chumvi, kwamba mwaka sabini na mbili, wakati wa mauaji kule Burundi, alikuwa na miaka saba. Watu waliitwa shuleni ikasomwa orodha, na baba yake alikuwa humo. Waliosomwa hawakurudi.

"Aliyeiandika hakuwa mtu mbaya. Karani tu. Alikuwa jirani, alikuwa na mwandiko safi, baba mwenyewe alizoea kuusifu. Aliambiwa andika wakubwa wa kaya, akaandika. Yeye aliona ni kazi." Akaokota jiwe, akalitupa uani. "Ndiyo maana maombini sitaki watu wasimulie. Imana irabizi. Mungu anajua ni nani. Mimi kujua kunamsaidia nini?"

Nilimwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema amenisamehe, na nilipoaga hakuniita mwana wanje.

27 Januari, Kasulu

Ripoti mpya. Sentensi ya kwanza: chanzo ni Somo la Nne, lililoandikwa na mimi, kutokana na maneno niliyoambiwa kwa siri. Mkuu aliisoma akiwa amesimama.

"Sylvestre alishakuja," alisema. "Na wewe ulikuwa na asilimia tisini na tatu."

"Bado tunazo, mkuu."

"Ndiyo. Watu sabini wamekisoma kile kisa." Alikaa. "Lifute. Kezia arudi kesho. Wewe sijui nikufanye nini. Nikikufukuza, anayejua jinsi jambo hili lilivyotokea anaondoka. Utapata barua ya onyo, na utakaa nalo hapa hapa."

Nimelifuta kwenye mfumo. Kwenye simu za watu sina mkono.

30 Januari

Barua ya onyo imeingia kwenye faili langu. Kezia ndiye aliyeifungia kabatini. Aliikunja bila kuisoma, mbele yangu.

31 Januari

Tumepeleka takwimu. Wafadhili wamejibu ndani ya saa moja. Wanapongeza, hasa Somo la Nne ambalo ofisa wao aliliona mapema mwezi huu, na wanaomba nakala wawagawie mashirika mengine. Nimewajibu kwamba halipo tena na nimewatumia ripoti yangu ya tarehe 27. Hawajajibu.

4 Februari

Somo la Nne jipya liko mtandaoni. Lina dakika mbili. Inaonekana mikono ya mtu mzima, kopo, na punje zinazotiwa moja moja. Hakuna sauti ya mtu. Mwisho hakuna a, b, c. Kuna kazi: Mweleze mtu mmoja unayemhudumia, kwa namna ambayo mwenzako wa meza ya pili hatamjua. Kisha mpe mwenzako akisie.

Waliojaribu hadi jioni ni arobaini. Waliofaulu, sita. Nduwayezu amefeli mara nne, amenipigia kulalamika kwamba Kibondo kila mtu anamjua kila mtu. Nimemwambia ndiyo somo lenyewe. Utamu hakuna. Lakini leo, mara ya kwanza tangu Novemba, nimekuta mtu jikoni anaanza kusimulia habari ya mama fulani, akasita, akaongeza sukari kwenye chai.

9 Februari, Kabanga

Jumapili. Mvua imepungua. Nimekuja na daftari la twiga na daftari jipya lisilo na picha. Kezia amebandika maharage mapya, nami nimekaa barazani nikinakili tangu tarehe 4 Novemba, ukurasa kwa ukurasa. Hakuuliza naandika nini. Nilipomaliza nilimpa la zamani, akalilaza motoni chini ya chungu, karatasi kwanza, twiga mwisho.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, kama si mimi, ujue hivi. Hakuna Therese. Hakutoka Uvira. Hakuwa mshonaji, na kilichovunjika sikuambii ni kitu gani. Hakutoroka na mkasi. Alitoroka na kitu kingine, ambacho nilikiandika siku moja ili watu wasisinzie, na sitakiandika tena. Yule mume si mtu wa kwaya. Mji huenda si ule. Mvua nimeiacha ilivyokuwa, Kezia ameniruhusu niache jina lake, na aliyekosa ni mimi yule yule.

Tulipokwisha kula, Kezia alifuta mikono, akanisogezea kopo. Nilitia punje moja.

"Ninayo haja," nilisema.

Akafunika.